Polima ya umeme iliyopigwa na joto: namna ya kumtafuta mhalifu

Utando wa polianilini, mojawapo ya polima zinazopitisha umeme, umeingia kwenye oveni jioni ukiwa wa kijani na wenye afya njema. Asubuhi unatoka umegeuka buluu, na mita inasoma megaohimu pale ambapo jana ilisoma ohimu mia kadhaa. Neno la kwanza kumtoka mtu ni "imeungua", na utando unaishia kwenye pipa la taka.

Mara nyingi haijaungua. Ndani ya nitrojeni, uti wa mgongo wa polianilini hauanzi kukatika kwa wingi mpaka joto lipite nyuzi 350 au 400 za selisiasi, na oveni yako ilikuwa nyuzi 150. Kilichotokea ni kitu kingine, na kabla ya kutupa sampuli inafaa kujiuliza maswali matatu. Je, kuna kitu kilichoondoka, kama maji, asidi au kiyeyushi? Je, kuna kitu kilichohama, yaani minyororo imejipanga upya au dopanti (kiambata kinachoipa polima umeme) imesogea kutoka ilipokuwa? Au kuna kitu kilichofungamana au kukatika, yaani kemia yenyewe ya mnyororo imebadilika? Kilichoondoka unaweza kukirudisha. Kilichohama wakati mwingine kinarudi kwa kupashwa na kupozwa kwa mpango. Kilichofungamana hakirudi. Kwa hiyo kipimo kikubwa kuliko vyote hakihitaji mashine ya bei kubwa: jaribu kuirudisha sampuli ilikotoka, kisha uone ni nini kimekubali kurudi na nini kimekataa.

Nitatumia neno dopanti kwa kile kiambata kinachoipa polima uwezo wa kupitisha umeme, iwe asidi, kioksidishaji au ioni inayobaki kando ya mnyororo kusawazisha chaji. Polima hizi bila dopanti ni karibu sawa na plastiki ya kawaida. Polianilini aina ya emeraldini ikiwa chumvi hupitisha kiasi cha simensi 1 hadi 10 kwa sentimeta. Ikibaki besi tupu hushuka hadi kama 10⁻¹⁰. Ukikumbuka pengo hilo la mara bilioni kumi na zaidi, hutashangaa tena kuona kupotea kwa asidi kidogo tu kunavyotikisa mita.

Kwanza, ondoa lawama kwenye vipimo

Niliwahi kupoteza wiki nzima nikifuatilia "uharibifu wa joto" ambao haukuwepo. Kosa lilikuwa kwenye gundi ya fedha niliyotumia kushikiza nyaya. Ilikauka, ikapasuka nyufa nyembamba, na kila nilipopasha ukinzani ulipanda. Nilipobadilisha kutoka ncha mbili kwenda ncha nne (mbili za kupitisha mkondo, mbili za kupima volti), polima ikaonekana haina hatia. Tangu siku hiyo sipimi kwa ncha mbili sampuli yoyote iliyopita kwenye joto, kwa sababu ncha mbili hujumlisha ukinzani wa viungio na wa polima, na viungio ndivyo vinavyoumwa na joto kwanza.

Jambo la pili ni halijoto ya wakati wa kupima. Andika pembeni ya kila namba sampuli ilikuwa na nyuzi ngapi. Bila hiyo, namba ya oveni na namba ya mezani hazilinganishiki. Na upime uzito kabla na baada ya kupasha, hata kama huoni sababu. Ukikosa kupima uzito wa mwanzo, swali la "kimeondoka nini" linabaki bila jibu.

Ukinzani unashuka sampuli ikiwa moto, unapanda ikipoa

Huu si ugonjwa. Waya wa shaba ukipashwa moto ukinzani wake huongezeka, na waliozoea metali hutarajia hivyo hivyo hapa. Katika polima nyingi za umeme chaji haitiririki kama kwenye metali. Inaruka kutoka mahali hadi mahali, na joto huisaidia kuruka. Ndiyo maana watu huchora logi ya upitishaji dhidi ya halijoto ya kelvini iliyopandishwa kwa kipeo cha −1/4, kwa mfano wa mwanafizikia Mott, na mara nyingi hupata mstari ulionyooka.

Kinachofaa kukutia wasiwasi ni pale safari ya kwanza ya kupasha inapotofautiana na ya pili. Pasha, poza, pasha tena bila kufungua chombo. Kama safari ya kwanza ina kilima au bonde kati ya nyuzi 60 na 120, na safari ya pili ni laini, umeona maji yakiondoka. Kwenye polianilini maji hayo ni rafiki: yakitoka upitishaji hushuka, na ukiiacha sampuli kwenye hewa yenye unyevu kwa saa kadhaa sehemu kubwa hurudi. Kwenye PEDOT:PSS, mchanganyiko wa polima ya umeme (PEDOT) na polima yenye asidi (PSS), mambo hugeuka. PSS hupenda maji, ikinywa huvimba na kuzitenganisha punje za PEDOT, kwa hiyo utando mzuri kwa kawaida huboreka ukikaushwa. Mtu akikuambia tu kwamba "unyevu unaharibu polima za umeme", muulize ni polima ipi.

Rangi imetoka kijani kwenda buluu na ukinzani haurudi

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni dopanti iliyotoroka. Polianilini iliyotiwa asidi hidrokloriki ndiyo mfano wake wa wazi, maana asidi hiyo peke yake ni gesi. Imeshikiliwa na mnyororo kwa chaji tu, na juu ya nyuzi 100 hivi huanza kuchopoka. Kadiri joto linavyokaribia 200 ndivyo inavyotoka kwa kasi. Karatasi ya litmasi ya buluu iliyoloweshwa, ukiiweka kwenye tundu la kutolea hewa la oveni, itakuwa nyekundu. Na kama kuna chuma karibu, utaiona kutu kabla hujaona tatizo kwenye mita.

Uthibitisho wake ni rahisi. Kata utando vipande viwili. Kimoja kiweke akiba. Kingine kitumbukize kwenye asidi hidrokloriki ya molari 1 kwa saa chache, kikaushe kwa upole chini ya nyuzi 50, kisha upime. Matokeo yana sura tatu, na kila moja ina habari yake.

Kama kijani kimerudi na upitishaji umerudi wote au karibu wote, asidi ndiyo iliyokuwa imeondoka na mnyororo ni mzima. Tatizo lako ni la kuchagua dopanti.

Kama kijani kimerudi lakini upitishaji umerudi nusu au chini, kuna mambo mawili yaliyofanyika kwa pamoja. Sehemu ya asidi ilitoka, na sehemu ya mnyororo ikabadilika. Katika polianilini yenye kloridi, joto huweza hata kuipandisha klorini kwenye pete ya benzini yenyewe, ikawa sehemu ya mnyororo badala ya ioni iliyo kando. Klorini ya namna hiyo haina faida kwa umeme na haitoki kwa kuoshwa na amonia.

Kama utando unabaki buluu au umekuwa na weusi wa kahawia usiobadilika, nenda sehemu ya kufungamana hapo chini.

Dawa ya asidi inayotoroka ni kutumia asidi isiyoruka. Asidi za salfoniki zenye umbo kubwa, kama ya kamfa, ya tolueni au ya dodesilibenzini, hazina njia rahisi ya kugeuka gesi na huvumilia nyuzi nyingi zaidi. Lakini usizichukue kama zawadi isiyo na deni. Ile ya dodesilibenzini ina mkia mrefu unaolainisha polima. Utando ukipashwa unakuwa mlaini na unaweza kutiririka kidogo au kuacha mafuta juu. Njia nyingine ni kuifunga asidi kwenye mnyororo wenyewe, kama katika polianilini iliyosalfonishwa, ambamo kundi la salfoniki limeshikamana na pete. Haliwezi kuvukizwa maana halina mahali pa kwenda. Gharama yake ni kwamba kundi hilo huzipinda pete zisilale bapa, na upitishaji wa mwanzo huwa mdogo kuliko wa polianilini ya kawaida. Binafsi, kwa kazi inayokaa kwenye joto miezi mingi, nachagua kinachoanza chini na kubaki palepale.

Utando uliokuwa ukiyeyuka sasa hauyeyuki

Hili huwapata zaidi wanaotengeneza tando za emeraldini besi kutoka kwenye kiyeyushi kiitwacho NMP, na kisa chake kinajirudia mno kiasi cha kusikitisha. NMP huchemka kwenye nyuzi 202. Zaidi ya hayo, imeshikana na makundi ya nitrojeni ya mnyororo kwa viungo vya haidrojeni, kwa hiyo haitaki kutoka. Ndani ya utando unaoonekana mkavu kabisa inaweza kubaki zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito. Mtu anaona uzito hautulii, anapandisha oveni hadi 180, kisha 200. NMP inatoka kweli. Lakini huko huko ndiko minyororo jirani inakoanza kushonana, nitrojeni ya mnyororo mmoja ikiunganika na pete ya mwingine. Umetoa kiyeyushi na kufunga mlango kwa nje.

Dalili zake zinashikana vizuri. Kipande kilichowekwa kwenye NMP kinavimba lakini hakiyeyuki. Kwenye kalorimita, kifaa cha kupima joto linaloingia na kutoka kwenye sampuli, safari ya kwanza ya kupasha inaonyesha kilima kipana cha kutoa joto juu ya nyuzi 150 na kuendelea, na safari ya pili haina kilima hicho, kwa kuwa kilichotaka kufungamana kimeshafungamana. Kwenye infraredi, tazama mikanda miwili ya karibu 1590 na 1500 kwa sentimeta. Wa kwanza ni wa pete za kwinoni na wa pili ni wa pete za benzini. Wa kwanza ukipungua dhidi ya wa pili wakati asidi haijaguswa, kufungamana kumekula pete za kwinoni, na hizo ndizo asidi inazozihitaji ili kuifanya polima ipitishe umeme. Ndiyo sababu sampuli hiyo haipokei dopanti vizuri tena.

Tiba haipo, kinga ipo. Usimfukuze NMP kwa moto. Mtoe kwa kumwosha: loweka utando kwenye maji au methanoli, badilisha mara kadhaa, ndipo ukaushe kwenye ombwe kwa nyuzi 60 hadi 80. Inachukua siku badala ya saa. (Wanaotengeneza tando za kuchuja gesi huutaka mfungamano huu na huutafuta kwa makusudi, kwa hiyo usishangae ukisoma maelekezo yao yakisema kinyume cha haya.)

Politiofini inapoteza umeme lakini uzito haujabadilika

Kesi hii hudanganya wengi kwa sababu mizani inayopima huku ikipasha inaonyesha mstari ulionyooka mpaka mbali, na mtu anatangaza kwamba polima ni imara hadi nyuzi 300. Uzito ni imara. Umeme sivyo.

Politiofini, polima za pete zenye salfa, zikiwa na matawi marefu ya kaboni pembeni na zikitiwa kloraidi ya feri, hupoteza upitishaji kwa haraka hata karibu na nyuzi 100. Matawi yale yanapopata joto huanza kuchezacheza, yanausokota mnyororo usilale bapa, na mnyororo uliosokotwa haubebi chaji kwa raha. Chaji na ioni yake huachana, na polima hurudi katika hali yake ya bila dopanti. Kadiri matawi yalivyo marefu na yalivyosongamana, ndivyo mambo yanavyokwenda haraka. Kwenye spektrofotomita utaona mkanda wa nishati ndogo upande wa infraredi ukififia na mkanda wa polima tupu, karibu na nanomita 500 hadi 550, ukirejea.

Hapa kopolima, yaani mnyororo wa monoma (vijenzi) za aina zaidi ya moja, hulipa kweli. Ukichanganya monoma yenye tawi refu na monoma isiyo na tawi, au yenye methili tu, kila tawi linapata nafasi ya kucheza bila kuuvuta mnyororo. Kopolima za namna hiyo zimeonekana kushika dopanti kwenye joto kwa muda mrefu zaidi kuliko politiofini yenye tawi kwenye kila pete. Ukizidisha pete tupu, hata hivyo, polima haiyeyuki tena.

Dopanti za molekuli ndogo zina tabia nyingine. F4TCNQ, mojawapo ya dopanti hizo, ikiwa ndani ya P3HT (politiofini yenye tawi la kaboni sita) husafiri ndani ya utando na hata kuvukiza ukiipasha, wakati mwingine kwa joto ambalo ungeliona la kawaida tu kwa kukaushia. Hapo uzito huenda ukashuka, lakini kwa utando wenye unene wa nanomita mia mizani haitaona kitu. Tegemea spektra.

Halafu kuna kesi isiyo kesi. P3HT tupu ikipashwa hugeuka kutoka zambarau kwenda rangi ya chungwa, ikipoa inarudi. Minyororo imesokoteka na kunyooka tena, basi.

Upitishaji uliboreka kwanza, ndipo ukaporomoka

Joto si adui wakati wote. Poliasetilini, ambayo Shirakawa, MacDiarmid na Heeger waliitia dopanti mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2000, hutoka ikiwa zaidi na umbo liitwalo “sisi” (cis) ikitengenezwa kwenye nyuzi −78, na umbo la “transi” (trans), ambamo mnyororo umenyooka zaidi, ikitengenezwa kwenye 150; na ile ya “sisi” ukiipasha inageuka transi. P3HT hujipanga vizuri ikipashwa kati ya nyuzi 110 na 150, chini ya kiwango chake cha kuyeyuka. PEDOT:PSS iliyotiwa viyeyushi kama DMSO au ethilini glikoli hupanda kutoka chini ya simensi 1 kwa sentimeta hadi mamia, na kupasha kati ya 120 na 150 ni sehemu ya mapishi hayo. DMSO huchemka kwenye 189 na glikoli kwenye 197, kwa hiyo hutoka polepole na kuziachia punje za PEDOT muda wa kuungana.

Mporomoko wa baadaye ndio wa kuchunguza. Chukua pacha wawili, mmoja umpashe hewani na mwingine kwenye nitrojeni, kwa nyuzi zilezile na muda uleule. Wakiporomoka wote kwa mwendo mmoja, kosa liko ndani: dopanti au mfungamano. Wa hewani akianguka peke yake, oksijeni ndiyo inayokula mnyororo. Kwa polipiroli, polima nyingine ya umeme, chora upungufu dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Sehemu ya mwanzo ikinyooka, kasi inaamuliwa na jinsi oksijeni inavyopenya kwenye utando, na basi utando mnene au uliofunikwa utaishi zaidi. Dopanti nayo ina sauti: polipiroli yenye toluenisalfoneti huvumilia joto kuliko yenye kloridi.

Kopolima haifanani na mzazi yeyote

Uliza kwanza kama ni kopolima kweli. Anilini na toluidini (anilini yenye methili kwenye pete) zikipolimishwa kwenye chombo kimoja zinaweza kutoa kopolima, lakini pia zinaweza kutoa polima mbili zilizochanganyika, na unga wa kijani hauambii ni upi. Mchanganyiko mara nyingi hujitenganisha ukiuosha kwa kiyeyushi kinachopenda mmoja tu. Kwenye kalorimita, kopolima yenye monoma zilizotawanyika huwa na mpito mmoja wa kioo, yaani kiwango kimoja ambapo minyororo iliyoganda huanza kusogea; mchanganyiko usiopatana huonyesha miwili. Kopolima ya vipande virefu nayo huonyesha miwili, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kuhukumu.

La pili, uwiano uliomimina si uwiano uliomo ndani ya mnyororo. Monoma yenye haraka huingia kwanza, na minyororo ya mwisho hubaki na ile nyingine. Ukisimamisha kazi mapema siku moja na kuchelewa siku ya pili, una vitu viwili tofauti vyenye lebo moja, na kila kimoja kitalijibu joto kivyake. Pima uwiano kwa NMR, kipimo cha sumaku kinachotofautisha aina za monoma, kabla ya kulaumu oveni. Methili za toluidini huzipinda pete na kuzitenga minyororo, hivyo upitishaji mdogo kuliko wa polianilini tupu ni wa kutarajiwa tangu kabla ya joto lolote.

Mapovu, nyufa, kubanduka

Mapovu ni kiyeyushi kilichochemka ndani: pandisha joto polepole. Nyufa na kubanduka hutokana na utando na kioo cha chini kutanuka kwa viwango tofauti, au utando mnene kupita kiasi uliokauka juu kabla ya chini.

Jaribio la haraka liliahidi miaka, kifaa kikafa mapema

Kupasha kwa nguvu ili kutabiri maisha marefu kunafaa pale tu ambapo uharibifu wa juu na wa chini ni wa namna moja. Ukipima kwenye nyuzi 140 na mpito wa kioo uko 100, umepima minyororo inayotembea, halafu unatabiri juu ya minyororo iliyoganda. Tumia angalau halijoto tatu, chora logi ya kasi dhidi ya 1/T, na mstari ukivunjika katikati usivuke pale ulipovunjika. Kumbuka pia unyevu: oveni kavu haifundishi lolote juu ya kifaa kitakachokaa kwenye hewa nyevu. Kapasita zenye polima zina mtihani mwingine wa ghafla, wa kuchomelewa kwa lehemu isiyo na risasi, ambapo joto la ubao hufika karibu 260 kwa muda mfupi. Maji yaliyofichwa ndani hugeuka mvuke kwa mara moja, na ndiyo maana hukaushwa kabla ya kuchomelewa.

Ukibakiwa na kipande kimoja tu cha sampuli iliyoharibika, mpangilio wa vipimo una maana kubwa. Anza na picha ya rangi, uzito, spektra na ncha nne, kwa kuwa hivyo haviili chochote. Kisha kiache kwenye hewa nyevu usiku mmoja na upime tena. Ndipo ukate nusu na kuitia asidi. Nusu ya pili ijaribu kwenye kiyeyushi. Mizani ya kupasha iwe ya mwisho kabisa, na uitumie kwa mabaki ya nusu iliyotiwa asidi. Hayo ukiyapoteza, swali lake ulishalijibu.